Milango Iliyopungua Kidole

Mwenye duka la vifaa alizipanga futi mbili za kupimia juu ya kaunta, moja huku, moja huku, kisha akajifuta mikono kana kwamba kazi yake imekwisha. Zote zilikuwa za njano. Zote zilikuwa na ule mkanda wa chuma unaorudi ndani mbio ukiuachia, na kulabu ndogo mwishoni, na nembo ile ile ambayo kila fundi anaijua hata asiyejua kusoma.

"Hii ni orijino," alisema. "Na hii ni kopi."

"Tofauti yake nini?"

"Bei, mama."

Mama Fundi alizishika moja moja, akazigeuzageuza. Kusema kweli hakuona cha kuzitenganisha, ila orijino ilikuwa nzito kidogo, na bei yake ingenunua kopi tano na chenji ikabaki. Asubuhi mumewe alikuwa amemwambia huku akimkabidhi hela: "Chukua ile yenyewe. Kwenye misumari tutabana, kwenye msasa tutabana. Futi haibanwi." Na angeichukua ile yenyewe, Mungu shahidi, kama mwenye duka asingefungua kinywa chake tena.

"Kama huelewi, mama, nenda ukamwite mzee aje achague mwenyewe. Hivi ni vitu vya mafundi."

Wanaume wawili waliokuwa wakisubiri saruji waligeuka wakamtazama, halafu wakatazama na miguu yake. Alikuwa amevaa ndala, na kidole gumba cha mguu wa kulia hakikuwa na ukucha kwa sababu ubao ulikuwa umekiangukia. Tangu alipoanza kazi karakanani kwa mumewe alikuwa amepiga msasa, amepiga randa, ametoboa matundu ya vitasa, na siku hizi ndiye aliyetumwa kwenda kuchukua vipimo kwa wateja. Lakini hapa dukani alikuwa bado ni mama aliyetumwa sokoni akapotea njia.

"Naelewa vizuri sana," alisema. "Nipe hiyo kopi. Sentimita haina kabila."

Wale wa saruji wakacheka, na safari hii walikuwa upande wake. Akatoka akiwa amenyoosha shingo. Chenji ilikuwa inamwasha mkononi, na miguu ikampeleka yenyewe duka la tatu kutoka pale, penye viatu vya kazi. Buti za kumtosha zilikuwa jozi moja tu, zimekaa rafuni hadi zimeota vumbi, maana hapakuwa na fundi mwenye mguu mdogo kiasi hicho. Alizivaa pale pale na ndala akazitia kwenye mfuko. Alirudi akitembea katikati ya barabara kama mwenye mtaa, na vishindo vyake vikisikika. Tusimcheke. Ni raha kubwa kukanyaga chini kwa mara ya kwanza bila kuogopa msumari.

Mumewe mtaa mzima walimwita Milimita. Alikuwa mtu mpole, mwenye penseli ya kudumu sikioni, na jambo moja tu la kujivunia, ila hilo alijivunia kwa nguvu zake zote: mlango wake hauchomekwi kabari. Mafundi wengine hukata mlango, wakifika hauingii, wakaupunguza, ukapwaya, wakaubandika vipande na kuupaka rangi nene. Mlango wa Milimita uliingia kwenye fremu mara ya kwanza, ukafungwa kwa kidole kimoja, ukanyamaza. Futi yake ya zamani, orijino iliyochakaa hadi njano ikawa kijivu, ilikaa kiunoni kwake siku zote, na mkanda wa ngozi ulikuwa umebonyea pale iliponing'inia.

Sasa walikuwa wamepata kazi ambayo haijawahi kuingia karakanani: milango yote ya nyumba ya ghorofa ya mama mmoja muuza magodoro. Arubuni yake ndiyo iliyonunua mbao. Futi moja haikuweza kuwa kwenye ghorofa na kwenye benchi kwa wakati mmoja, ndiyo maana wakahitaji ya pili.

"Umepata buti!" alisema Milimita alipomwona.

"Nimepunguziwa bei ya futi," alijibu mkewe haraka. "Iliyobaki nikaona niokoe vidole vilivyosalia."

Milimita alicheka. Aliichukua futi, akapima upana wa benchi, akapima na ubao mfupi uliokuwa mkononi, akaridhika. Mdogo wake, ambaye walifanya naye kazi na ambaye hakuwahi kukosa la kusema, aliinua kichwa kutoka kwenye msumeno.

"Kwa hiyo sasa shemeji ndiye anakwenda kupima kazi kubwa kama ile? Mama wa magodoro akimwona mwanamke na futi atadhani amekuja fundi cherehani."

"Atakwenda yeye," alisema Milimita. "Mimi nitakata kwa anachoniambia."

Maneno hayo Mama Fundi alikwenda nayo njia nzima. Alipima fremu zote, chini na juu, akaandika kila kipimo kwa penseli kwenye kipande cha ubao kama alivyofundishwa, akarudi akamsomea mumewe huku naye anakata. Alisoma kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika, ili shemeji yake asikie.

Siku ya kufunga milango walikodi mkokoteni mkubwa. Mama wa magodoro alikuwa amekuja mwenyewe, mwanamke mnene mwenye funguo nyingi kiunoni, akasimama katikati ya sebule isiyo na kiti ili aone hela yake inavyogeuka kuwa milango.

Milimita aliuinua mlango wa kwanza, akaupachika. Upana uliingia vizuri. Akaachia mikono kidogo ili usimame. Chini yake, pale ulipopaswa kuacha nafasi ya kupita ukurasa wa gazeti, jua lilipenya na kulala sakafuni, mstari mweupe wenye upana wa kidole gumba kuzidi.

Milimita alicheka kidogo. "Huu si wa hapa. Tumechanganya."

Wakaleta wa pili. Wakaleta wa tatu. Kufikia wa nne hakuna aliyecheka. Milango yote ilikuwa imepungua, yote kwa kiasi kile kile, kama watoto wa tumbo moja. Mpaka rangi aliyekuwa juu ya ngazi aliacha kazi akageuka kutazama vizuri.

"Fundi," alisema mama wa magodoro, "hapa chini kuku anapita."

"Naona, mama."

"Na panya anapita na familia yake. Nani alipima?"

Mama Fundi alikuwa amesimama mlangoni na boksi la bawaba. Alifungua mdomo, lakini shemeji yake alikuwa mwepesi zaidi.

"Mama, mbao hizi zilikuwa mbichi kidogo," alisema yule mdogo mtu. "Jua limezikausha, zikajivuta. Ni kawaida."

Mama wa magodoro alimtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba godoro limepungua kwa kulaliwa. Kisha akamgeukia Milimita, akasubiri. Na Milimita, ambaye alijua kwamba mbao zimekauka tangu zamani na kwamba mbao haijivuti kwa urefu hata ikianikwa mwaka, alikuwa amesimama ameshika mlango wake mfupi.

"Kosa ni langu," alisema. "Nipe siku chache."

"Siku chache nakupa. Ila sikiliza. Nikija nikakuta kiraka, milango yako utabeba, na arubuni yangu utarudisha. Na ninayetaka kumwambia nitamwambia. Nina wateja wengi mimi."

Wakaipakia milango tena kwenye mkokoteni. Mtaa mzima uliokuwa umeiona ikienda asubuhi, ukaiona inarudi. Mwenye kibanda cha simu akauliza, "Vipi, Milimita, mmekataliwa?" Milimita akakaza kuvuta. Mama Fundi alisukuma kwa nyuma akiwa ameinamisha kichwa, na buti zake, zilizokuwa fahari yake, sasa zilimtia aibu kwa kila hatua.

Walipofika hakusubiri kuulizwa. Aliitoa futi ya njano mfukoni, akaiweka juu ya benchi.

"Nipe na yako," alimwambia mumewe.

Aliziweka sambamba, kulabu na kulabu, akazivuta zote mbili polepole kuelekea mwisho wa benchi refu. Mita ya kwanza mistari ilikwenda pamoja kama askari wa gwaride. Baada ya hapo zikaanza kuachana, kidogo, kidogo tena. Zilipofika urefu wa mlango, zilikuwa zimeachana upana wa kidole gumba kuzidi.

Milimita aliinama akaitazama mistari.

"Hii si orijino," alisema.

"Si orijino. Ni kopi. Sikupunguziwa bei. Mwenye duka aliniambia nimwite mwanamume aje achague. Nikapandwa na hasira, nikataka kumwonyesha kwamba najua. Chenji nikanunua buti. Nikakudanganya."

"Nilisema mimi!" shemeji yake alidakia. "Nilisema! Kazi ya watu inaharibika kwa ajili ya viatu! Kaka, hii karakana ina jina. Shemeji apige msasa, akoroge gundi, basi. Kupima tuachie sisi."

Mama Fundi alikuwa anamtazama mumewe, kwa sababu jibu lililomhusu lilikuwa kwake. Akisema "ndiyo" tu, mambo yamekwisha: atarudi kwenye gundi na vumbi, na hakuna atakayemwita tena kupima hata stuli.

Milimita alikuwa amekasirika. Aliichomoa penseli sikioni akaitupa juu ya benchi.

"Unajua kinachoniuma?" alisema mwishowe. "Si futi. Ningejua kwamba ni feki, ningekatia hiyo hiyo uliyopimia, na milango yote ingeingia. Futi mbovu ikiwa peke yake haina neno. Umepima na yako, mimi nikakata na yangu, na kila mmoja akadhani tunasema kitu kimoja. Ungeniambia tu! Ningekugombeza kidogo, ningekata kwa kopi, tungekuwa tumeshalipwa."

"Mficha uchi hazai," alisema mkewe kwa sauti ndogo. "Nimeshajifunza. Buti nitazirudisha."

"Zimeshakanyaga gundi, nani atazipokea? Na fundi havai ndala." Alivuta pumzi. "Tufanye nini sasa? Milango iko mezani."

Mdogo wake alikuwa na jawabu tayari. Wachanganye vumbi la mbao na gundi, wajaze chini, wapige msasa, wapake rangi mara tatu. Yule mama hatapiga magoti kuangalia. Mvua ya kwanza ikianguka, kiraka kikidondoka, watakuwa wameshakula hela.

"Kwa hiyo tumdanganye mara ya pili?" aliuliza Mama Fundi. "Njia ya mwongo fupi, shemeji. Fupi kuliko milango hii."

Milimita alitaka kucheka akajizuia. Mkewe alikuwa tayari amefunga kamba za buti.

"Unakwenda wapi?"

"Kumwambia aliyepima ni nani."

Alimkuta mama wa magodoro dukani kwake, ameketi juu ya magodoro matatu kama malkia, anakata kucha. Mama Fundi alisimama mbele yake akaeleza yote: kopi, buti, uongo, futi mbili. Alieleza bila kulia, ingawa wateja wawili walikuwepo wakisikiliza kila neno.

Mama wa magodoro alimsikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo nyumba yangu ya ghorofa," alisema, "imepimwa na kitu cha bei ya pipi?"

"Ndiyo, mama."

"Na mbao haikujivuta?"

"Mbao haijivuti kwa urefu, mama. Yule ni shemeji yangu, anapenda kuongea."

Mama wa magodoro aligonga godoro alilokalia kwa kiganja. "Watu wananiletea hapa magodoro ya kopi, yana nembo kubwa kuliko ya orijino. Unalala mwezi mmoja unakuta mbavu zimegusa sakafu. Nawafukuza. Hakuna hata mmoja aliyewahi kurudi kuniambia alikosea." Akakata ukucha mmoja. "Lakini sikusamehi kwa maneno. Tengenezeni mmoja. Nitakuja kuutazama, na nitapiga magoti."

"Karibu, mama. Sakafu tutafagia."

Alipomweleza mumewe, Milimita alikuna kidevu. Mlango mfupi haurefushwi, hilo kila seremala anajua. Kilichowezekana ni kuuongezea ubao chini kwa ulimi na mfereji: uchonge mfereji kwenye ukingo wa mlango wote, uchonge ulimi kwenye ubao mwembamba wa mti mgumu, viingiane hadi hewa isipite. Ni kazi ya patasi na subira. Ukizidisha unywele, ulimi unapwaya; ukipunguza unywele, mlango unapasuka.

"Mti mweusi," alisema Mama Fundi. "Usijifiche. Nyumba ile watapiga deki kila siku, maji yatakula mti laini. Tuweke mgumu chini, uonekane, ufanye kazi."

"Sawa. Nani atauchonga?"

Mdogo mtu alishaanza kukunja mikono ya shati. Milimita alichukua patasi yake, ile orijino aliyoinunua alipokuwa kijana na ambayo hakuna aliyeruhusiwa hata kuihamisha, akainoa kwenye jiwe hadi ikameremeta, akamnyooshea mkewe mpini.

"Aliyefupisha ndiye atakayerefusha," alisema.

"Kaka!" alisema mdogo wake.

"Wewe shika mlango usicheze."

Basi shemeji akashika mlango, na kwa mara ya kwanza tangu wamfahamu, akanyamaza kwa muda mrefu. Mama Fundi alichonga. Patasi ile ilikuwa kitu kingine kabisa. Ile patasi ya kopi aliyozoea ilihitaji kulazimishwa, ikaruka, ikatafuna mbao. Hii ilikwenda alikoitazama, na maganda yakatoka membamba yakijikunja. Alielewa sasa mumewe alichokuwa akikilipia miaka yote hiyo huku yeye akimwona mbadhirifu. Alipokosea, alisema "nimekosea" kwa sauti, na Milimita akaja akamwonyesha, akarudi kukaa. Alipomaliza aliupaka ukingo gundi, akaingiza ulimi kwenye mfereji, akagonga kwa nyundo ya mti. Uliingia ukiguna, kisha ukatulia.

Mama wa magodoro alifika kama alivyoahidi. Mlango ulikuwa umeshapachikwa kwenye fremu yake kule ghorofani, na mpaka rangi alikuwa ameshuka kwenye ngazi kabisa ili asikose. Yule mama alivua funguo kiunoni, akampa Mama Fundi amshikie, akapiga magoti. Alipitisha ukucha juu ya mahali mti mweupe ulipokutana na mweusi, kutoka bawaba hadi kitasa. Ukucha haukukwama popote. Akatelezesha noti chini ya mlango, ikapita. Akaikunja mara mbili, ikagoma.

Aliusukuma mlango kwa kidole kimoja. Ukafunga, ukanyamaza.

"Hiyo mbao nyeusi mimi silipi," alisema akiinuka.

"Hulipi, mama," alisema Milimita.

"Iliyobaki fanyeni hivyo hivyo." Alijipangusa magoti, akachukua funguo zake. Alifika ngazini, akasita. "Na dukani nataka makabati ya ukuta mzima. Fundi aje kesho apime."

Kwa mazoea tu, mkono wa Milimita ulikwenda kiunoni. Akaitoa futi yake ya zamani kwenye mkanda. Aliitazama kidogo, akampita mdogo wake, akampita na yule mama, akamfikia mkewe, akaibana yeye mwenyewe kwenye mkanda wa ovaroli yake.

"Anayepima ni huyu," alisema. Na alilisema kwa sauti ile ile ambayo zamani aliitumia kusema kwamba mlango wake hauchomekwi kabari.

Mama wa magodoro alimtazama Mama Fundi kuanzia kichwani hadi kwenye buti. "Basi kesho, fundi," alisema, akashuka.

Mama Fundi aliangalia pembeni. Alijivuna, akaona haya kwa kujivuna, akajivuna tena.

Orijino ya pili hawajaweza kuinunua hadi leo, maana mbao ile nyeusi ilikula faida. Ile kopi hawakuitupa. Mama Fundi aliikata kwa mkasi wa bati pale ilipomaliza mita ya kwanza. "Hadi hapa haijawahi kudanganya," alisema, na shemeji yake anaitumia kupimia droo. Futi ya kweli inabaki kiunoni mwa Mama Fundi. Milimita, akiwa benchini na msumeno mkononi, bado hujisahau, akapapasa pale mkanda ulipobonyea na asikute kitu. Hapo huinua kichwa, akaita kwa sauti ambayo mwenye kibanda cha simu anaisikia hadi ng'ambo ya barabara:

"Fundi! Nikate ngapi?"